Faida ya kweli na faida ya karatasi: somo la uchumi kutoka soko la Kisesa

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa mpunga akikuambia kwamba alinunua gunia kwa Sh. 80,000 na kuliuza kwa Sh. 95,000, wengi watampongeza kwa faida ya Sh. 15,000. Mwulize fedha hizo zitamnunulia magunia mangapi msimu ujao, na mazungumzo yatabadilika. Mtu anaweza kuuza kwa faida misimu mitatu mfululizo, na kila msimu idadi ya magunia anayomudu kununua ikapungua. Daftari lake linaonyesha faida, ghala lake linaonyesha hasara. Mtaji umeliwa, na mwenyewe hajui umeliwa na nini.

Tatizo hilo lina chanzo kimoja. Bei inayotajwa sokoni ni moja, lakini ndani yake mna mambo mawili. La kwanza ni hali ya bidhaa yenyewe: imejaa au imeadimika, inatafutwa au haitafutwi. La pili ni hali ya shilingi inayotumika kuipimia. Bidhaa ikipanda thamani, bei hupanda. Shilingi ikishuka thamani, bei hupanda vilevile. Kwa macho mambo hayo mawili yanafanana, lakini kwa mfuko wa mfanyabiashara hayafanani hata kidogo.

Wataalamu wa uchumi wamegawa elimu yao kwa mgawanyo huo huo. Upande mmoja upo uchumi mdogo, unaochunguza uamuzi wa kaya, duka, shamba na kiwanda, pamoja na bei ya bidhaa mojamoja. Upande wa pili upo uchumi jumla, unaochunguza nchi nzima: mfumuko wa bei, pato la taifa, ajira, riba na thamani ya fedha yetu mbele ya fedha za kigeni. Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita husoma mambo haya kwa ajili ya mtihani. Mfanyabiashara hufanya mtihani huo kila siku ya gulio, na akikosea hulipa kwa mtaji wake.

Wiki hii ukurasa huu unaweka kando orodha ya bei na kueleza kanuni zilizo nyuma yake, kwa mifano ya Kisesa na Kanda ya Ziwa kwa jumla.

WINGI WA BIDHAA NA WINGI WA WANUNUZI

Kisesa ipo wilaya ya Magu, kilomita zipatazo 20 kutoka Mwanza mjini, kwenye barabara kuu iendayo Musoma. Barabara ya kutoka Usagara inaungana na barabara kuu hapo, kwa hiyo lori litokalo Shinyanga kwenda Mara halilazimiki kupita katikati ya jiji. Mpunga wa majaruba, viazi vitamu, mahindi, mifugo na dagaa vyote hukutana katika eneo hili. Ni mahali pazuri pa kujifunzia kanuni ya kwanza ya uchumi mdogo, yaani ugavi na mahitaji.

Kila mchuuzi anaijua kanuni hiyo hata kama hakuisoma darasani: bidhaa ikijaa bei hushuka, ikiadimika hupanda, wanunuzi wakiongezeka bei hupanda, wakipungua hushuka. Kosa la wengi ni kuona bei imepanda na kuishia hapo, bila kuuliza imepandishwa na nini.

Chukua dagaa. Wavuvi wa Ziwa Victoria huvua dagaa usiku wa giza kwa kutumia taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola. Siku za mbalamwezi taa haziwavuti dagaa kama kawaida, na mitumbwi mingi hupumzika. Dagaa huadimika na bei hupanda kuanzia mialoni hadi sokoni. Huko ni kupanda kwa sababu ya ugavi. Giza likirudi, mitumbwi itarudi majini na bei itashuka. Anayejaza ghala siku za mbalamwezi akiamini kwamba biashara imechangamka ananunua kwenye kilele.

Sasa chukua Bulabo. Kila mwaka mwezi Juni ngoma za Bulabo hufanyika Bujora, hapa hapa Kisesa, palipo na makumbusho ya Wasukuma. Bagalu na Bagika hushindana kucheza, na wageni humiminika. Nyama, soda, vyumba vya kulala na nauli za bodaboda hupanda. Ng'ombe hawakupungua wala soda haikuadimika kiwandani. Walioongezeka ni wanunuzi. Huko ni kupanda kwa sababu ya mahitaji.

Tofauti ya mifano hii miwili ina kipimo chepesi ambacho kila mwenye daftari anaweza kukitumia: angalia wingi uliouzwa, si bei peke yake. Bei ikipanda na wingi uliouzwa ukapungua, ugavi ndio umebadilika. Bei ikipanda na wingi uliouzwa ukaongezeka, mahitaji ndiyo yamebadilika. Katika hali ya kwanza muuzaji anapata bei nzuri kwa mzigo mdogo, na jumla ya mapato yake inaweza hata kushuka. Katika hali ya pili anapata bei nzuri kwa mzigo mkubwa. Asiyeandika wingi, akaandika fedha tu, hawezi kujua yuko katika hali ipi.

Hapo ndipo pia penye ubaya wa lumbesa. Gunia lililojazwa kupita kipimo na kushonewa kilemba juu linaficha bei. Mnunuzi anadhani bei imebaki ileile wiki hii na wiki iliyopita, kumbe kilo zilizomo zimebadilika. Bei isiyo na kipimo cha kweli haiwezi kukuambia lolote kuhusu soko.

MTEJA ANA MAHALI PA KUKIMBILIA?

Kanuni ya pili inahusu mwitikio wa mteja. Ukipandisha bei ya chumvi, nyumba zitaendelea kununua karibu kiasi kilekile, kwa kuwa chumvi haina mbadala na inachukua sehemu ndogo ya matumizi. Ukipandisha bei ya nyama, wengi watahamia dagaa, maharage au mboga. Mchele nao una washindani wengi katika Usukuma: ugali wa mahindi, muhogo, viazi vitamu, na kile kilichohifadhiwa kutokana na viazi hivyo, yaani michembe na matobolwa.

Kwa hiyo anayepanga kuuza mchele Januari asiangalie mpunga peke yake. Aangalie mahindi yalivyovunwa na viazi vilivyokauka. Mwaka ambao vyakula vingine vimejaa, mchele hauwezi kupanda sana, kwa sababu mteja wa kipato cha chini ana pa kukimbilia. Mwaka ambao vyote vimepungua pamoja, hana.

Bidhaa mbadala inaweza kutoka mbali pia. Mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Mlaji wa dagaa wa Kigoma anapokosa dagaa wake, jicho lake hugeukia mizigo ya ziwa letu. Mfanyabiashara anayekwenda Mwaloni Kirumba, ambako wanunuzi huja hadi kutoka Kongo, ana sababu ya kufuatilia habari za ziwa ambalo hajawahi kuliona.

GHARAMA ISIYOANDIKWA

Kanuni ya tatu ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Kila fedha uliyoiweka mahali pamoja umeinyima nafasi mahali pengine. Faida uliyoiacha huko ni gharama halisi ya uamuzi wako, ingawa hakuna anayekuandikia stakabadhi yake.

Anayenunua mpunga Juni na kuufungia hadi Januari amefunga fedha yake kwa miezi saba. Jirani yake anayenunua dagaa na kuwauza ndani ya mwezi mmoja anaweza kuizungusha fedha ileile mara saba katika muda huo. Jirani akipata asilimia 3 tu kila mzunguko, kwa miezi saba amepata zaidi ya asilimia 21. Mwenye mpunga akipata asilimia 15 anaweza kujiona mjanja, kwa kuwa alilala usingizi wakati jirani anahangaika na mvua na dagaa wasiokauka. Pengine usingizi huo una thamani yake. Lakini lazima ahesabu kwamba ameununua.

Muda wa safari nao ni gharama ya namna hiyo. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, gari lililokuwa likisubiri kivuko likaanza kuvuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache. Gari linalofanya safari mbili badala ya moja kwa siku linagawanya gharama zake kwa mizigo miwili. Ndiyo maana njia ikifunguka, bei za pande mbili za maji huanza kukaribiana: anayeuza ghali upande mmoja huletewa ushindani kutoka upande wa pili.

BEI IKIWEKWA KWA AMRI

Kuna nyakati bei haiwekwi na soko. Taifa letu limepitia njia zote mbili, ya bei kuwekwa chini ya soko na ya bei kuwekwa juu ya soko.

Sheria ya mwaka 1973 ilianzisha udhibiti wa bei, na Tume ya Bei ikawa inapanga bei za bidhaa nyingi. Nia ilikuwa kumlinda mlaji. Lakini bei ikiwa chini ya gharama, mzalishaji hupunguza kuzalisha na mwenye mali huificha. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka foleni za sukari, sabuni na unga mwanzoni mwa miaka ya 1980, na msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Bidhaa zilikuwa na bei nafuu ubaoni na hazikuwapo rafuni. Bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, rafu zilianza kujaa tena, kwa bei ambazo wengi walizilalamikia.

Kinyume chake kilionekana katika pamba. Msimu wa 2019 bei elekezi ya mkulima ilikuwa Sh. 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na pamba ikalala katika maghala ya vyama vya msingi huku wakulima wakisubiri fedha. Bei iliyo chini ya soko huleta uhaba. Bei iliyo juu ya soko huleta mzigo usionunuliwa. Mfanyabiashara akisikia bei imetangazwa, swali lake la kwanza liwe: je, yupo atakayenunua au kuuza kwa bei hiyo?

Hata hivyo, soko huria nalo si dawa ya kila ugonjwa. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa kampuni binafsi katika msimu wa 1994/95, baada ya miaka mingi ya vyama vya ushirika kushika ununuzi, ushindani ulileta wanunuzi wengi na malipo taslimu. Pamoja na hayo, wanunuzi waliokimbizana kujaza maroli walipunguza ukaguzi. Pamba safi na pamba iliyochanganywa na mchanga au maji zikalipwa bei moja. Mkulima aliyechambua vizuri hakupata malipo ya kazi yake, akaacha kuchambua, na sifa ya pamba ya Tanzania nje ikashuka. Soko lisilopambanua ubora humwadhibu mwaminifu.

KISESA NA DUNIA

Hadi hapa tulikuwa katika uchumi mdogo. Bei ya pamba inatuvusha upande wa pili, kwa sababu mkulima wa Magu hapangi bei ya dunia wala mnunuzi wake hapangi. Wote wanaipokea.

Mwaka 1995 bei ya pamba nyuzi duniani ilizidi senti 100 za Marekani kwa ratili. Mwishoni mwa 2001 ilikuwa chini ya senti 40. Machi 2011 ilizidi dola mbili, kisha ikaanguka ndani ya miezi michache. Hakuna jembe wala mbegu ya Usukuma iliyosababisha mabadiliko hayo. Yalitokana na mavuno na akiba za nchi kubwa kama China, Marekani na India, na hali ya viwanda vya nguo.

Sangara walitufundisha jambo hilo hilo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu kutumika katika uvuvi. Viwanda vya minofu vya Mwanza vilikosa soko lao kuu, na bei ya sangara mialoni ikaporomoka. Samaki majini hawakuongezeka. Mahitaji yalikatwa kwa uamuzi uliofanyika Ulaya, na mama lishe aliyemuuzia chakula mpakiaji wa kiwandani naye akakosa mteja.

Mfano huo wa mama lishe ndio moyo wa uchumi jumla: matumizi ya mmoja ni mapato ya mwingine. Wakulima wakilipwa pamba, fedha huenda kwenye bati, saruji, pikipiki, ada za shule na mahari. Fundi bati hununua nyama, mwuza nyama hununua ng'ombe mnadani. Fedha ileile imepita mikono minne kabla mwezi haujaisha. Malipo yakichelewa, mikono yote minne hubaki mitupu. Kati ya 2016 na 2018 watu walizoea kusema vyuma vimekaza. Walichokuwa wakieleza ni mzunguko wa fedha uliopungua kasi, hata kwa yule ambaye duka lake halikuwa na kosa lolote.

SHILINGI YENYEWE

Sasa tuje kwenye kipimo. Mwanzoni mwa mwaka 1986 dola moja ya Marekani ilikuwa takriban Sh. 17 kwa bei rasmi. Mwisho wa mwaka huo ilizidi Sh. 50. Katikati ya mwaka 2024 ilizidi Sh. 2,600. Shilingi ikishuka hivyo, mwuza pamba na sangara nje hupata shilingi nyingi zaidi kwa dola ileile. Mnunuzi wa diseli, vipuri vya pikipiki, nyavu na mbolea hulipa zaidi. Wafanyabiashara wengi wa Kisesa wako pande zote mbili bila kujua: mzigo wao unauzwa ndani, lakini lori linaloubeba linakunywa mafuta yaliyonunuliwa kwa dola. Mwaka 2022, bei ya mafuta ilipopanda duniani baada ya vita vya Ukraine, Serikali ilitoa ruzuku ya Sh. bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni ili kupunguza makali. Wenye mizigo wafuatilie bei kikomo za EWURA zinazotangazwa kila mwezi, kama wanavyofuatilia mvua.

Mfumuko wa bei ni kushuka kwa thamani ya shilingi mbele ya bidhaa zote kwa jumla. Mwaka 1994 ulizidi asilimia 30. Kufikia mwaka 1999 ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 10. Ulipanda tena na kufikia asilimia 19.8 Desemba 2011. Kati ya 2021 na 2024 wastani wa kila mwaka ulikuwa kati ya asilimia 3 na 5. Chombo kikuu cha Benki Kuu cha kuuzuia ni kudhibiti fedha na riba. Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania hutangaza riba yake rasmi: ilianza na asilimia 5.5, ikapandishwa hadi 6 Aprili mwaka huo, na kuteremshwa hadi 5.75 Julai 2025. Riba hiyo si ile utakayotozwa dirishani, ambayo ni kubwa zaidi. Lakini ikipanda, mabenki hupata fedha kwa gharama kubwa zaidi, na mkopaji asitegemee nafuu.

HESABU YA MAGUNIA 100

Tuunganishe sasa pande zote mbili kwa mfano wa kufundishia. Mfanyabiashara ananunua magunia 100 ya mpunga mwezi Juni kwa Sh. 80,000 kila moja. Mtaji ni Sh. 8,000,000. Anauza Januari kwa Sh. 95,000. Hesabu ya midomoni ni faida ya Sh. 1,500,000.

Ghala tuseme ni Sh. 500 kwa gunia kwa mwezi. Kwa miezi saba ni Sh. 350,000. Magunia, upakiaji na ushuru, Sh. 3,000 kwa gunia, ni Sh. 300,000. Panya, wadudu na kukauka vimemla magunia matatu, kwa hiyo anauza 97 na kupata Sh. 9,215,000. Toa gharama za Sh. 650,000, mkononi zinabaki Sh. 8,565,000. Ziada ni Sh. 565,000, kidogo zaidi ya theluthi moja ya faida ya midomoni. Huo ni uchumi mdogo peke yake.

Kama mtaji ulikuwa wa mkopo wa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, riba ya miezi saba inakaribia Sh. 747,000. Ziada yote imekwisha, na anadaiwa kama Sh. 182,000 zaidi.

Kama mtaji ni wake mwenyewe, swali ni shilingi ilivyokuwa. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 3 kwa mwaka, baada ya miezi saba anahitaji karibu Sh. 8,140,000 kununua vitu vilevile alivyoweza kununua kwa milioni 8 mwezi Juni. Yeye ana Sh. 8,565,000. Faida yake ya kweli ni Sh. 425,000.

Mfumuko ukiwa asilimia 33, kama hali ilivyokuwa karibu na mwaka 1994, anahitaji Sh. 9,540,000. Ana Sh. 8,565,000. Amepoteza Sh. 975,000 za nguvu ya kununua, huku daftari likisema amepata zaidi ya nusu milioni. Zingatia hili: gunia la Sh. 80,000 likifuata mfumuko huo bila kuongezeka thamani hata chembe, lingefika Sh. 95,400. Yeye aliuza kwa 95,000. Mpunga haukupanda. Shilingi ndiyo iliyoshuka.

Mfano wa kinyume ni mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023. Bei za mchele, mahindi na maharage zilipanda sana nchini, wakati mfumuko wa bei kwa jumla ulibaki chini ya asilimia 5. Hapo chakula ndicho kilichopanda mbele ya bidhaa nyingine. Aliyekuwa na mpunga ghalani alipata faida ya kweli, na mlaji aliumia kweli. Nyakati mbili, bei zote zilipanda, lakini maana yake haikuwa moja.

KWA MWEKEZAJI MDOGO

Kanuni hii haiishii kwenye magunia. Aliyeweka fedha katika akaunti ya akiba mwaka 2011 alipata riba iliyokuwa chini sana ya mfumuko wa bei. Salio liliongezeka kitabuni na kupungua dukani. Riba ya kweli ni ile inayobaki baada ya kutoa mfumuko wa bei. Hatifungani ya asilimia 12 wakati mfumuko ni asilimia 4 inakupa karibu 8. Hatifungani hiyo hiyo wakati mfumuko ni 19 inakupotezea 7.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998. Hisa za NMB ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa Sh. 600, na za CRDB mwaka 2009 kwa Sh. 150. Hisa ni sehemu ya biashara, kwa hiyo kampuni ikiweza kupandisha bei zake kufuata mfumuko, mwenye hisa ana kinga kiasi. Lakini kinga hiyo inategemea uchumi mdogo wa kampuni yenyewe: wateja wake wana mbadala? Gharama zake ni za dola? Mapato yake yanategemea mkulima kulipwa kwa wakati? Mwekezaji asiyeuliza hayo ananunua jina tu.

MASWALI SITA KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwanza, bei imepanda kwa sababu bidhaa imepungua au wanunuzi wameongezeka? Angalia wingi uliouzwa.

Pili, mteja wangu ana mbadala gani, na mbadala huo una hali gani msimu huu?

Tatu, fedha hii ingezaa nini mahali pengine kwa muda huo huo?

Nne, ni sehemu gani ya gharama zangu inayofuata dola, hasa mafuta?

Tano, bei ninayotegemea inapangwa na soko la hapa, na amri, au na soko la dunia?

Sita, nikiuza, fedha nitakayopata itanunua magunia mangapi, si shilingi ngapi?

Swali la mwisho ndilo la kuandika kwenye jalada la daftari. Mwisho wa kila msimu, pamoja na fedha, mfanyabiashara aandike idadi ya magunia ambayo fedha hiyo ingeweza kununua siku hiyo. Akilinganisha idadi hiyo kwa misimu mitatu, atajua kama biashara inakua au inazunguka tu na kumchosha. Hesabu hiyo haihitaji cheti. Inahitaji kalamu, mizani ya kweli na ujasiri wa kuliangalia jibu.

Wiki ijayo ukurasa huu unarudi kwenye bei za masoko kama kawaida. Wasomaji wazisome wakiwa na maswali haya mkononi.